Kamba Iko Mkononi mwa Nani?

Hotuba kwa mkutano wa wakazi kuhusu mbwa katika bustani ya umma, Nairobi

Mwenyekiti, wazee wetu, akina mama, na nyinyi vijana mliosimama pale nyuma kwa kuwa viti vimekwisha, hamjambo. Nimepewa dakika ishirini, na naona mwenyekiti ameshaweka saa yake mezani, kwa hiyo sitazunguka mbuyu.

Mbele yenu kuna karatasi ya kamati. Inapendekeza aina tano za mbwa zisikanyage tena bustani yetu: German Shepherd, Rottweiler, Boerboel, Ridgeback na pit bull. Wengine wote ruhusa. Mimi ni daktari wa mifugo, kazi hii nimeifanya jijini hapa tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na nimeumwa na mbwa mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Kovu hili la kidole, wale wa mbele mnaliona, niliachiwa na kijibwa cha kubebwa kwenye mkoba, cheupe, chenye utepe mwekundu kichwani. Kwenye orodha ya kamati hakimo. Kesho asubuhi kingeingia getini kwa heshima zote.

Kabla ya karatasi, niwaambie ninakotoka, maana najua wapo wanaodhani daktari wa mbwa ni wakili wa mbwa. Nimezaliwa Kibokoni, Mombasa. Nyumbani kwetu mbwa hakuvuka kizingiti. Nyanya yangu akimwona mbwa kichochoroni alikuwa akikusanya buibui lake na kujibanza ukutani mpaka apite, kwa sababu kwetu sisi watu wa Shafii mate ya mbwa yakikugusa ni kuosha mara saba, moja kwa udongo, na swala ya alasiri iko karibu. Wala hakuwa na chuki naye. Makombo na maji alikuwa akimwekea kwenye kigae nje, wakati wa jua kali hasa. Alichotaka ni nafasi ya kupita.

Nimemkumbuka sana nyanya wiki hizi, kwa ajili ya neno moja ninalolisikia kila nikipita bustanini. Mama amevaa buibui anasogea kando ya njia, mbwa anamjia mbio na mkia unapepea, na mwenye mbwa, hatua thelathini nyuma, anapaza sauti: "Hana neno huyo!" Jamani, yule mama hakuuliza kama mbwa ana neno. Anataka kupita na nguo zake safi. Mwingine aliumwa utotoni na magoti yanamlegea. Mwingine ni mzee na fimbo yake, akirukiwa kwa mapenzi tu ataanguka avunjike nyonga. "Hana neno" ni habari za mbwa. Sisi tunazungumzia haki ya mtu wa pili.

Sasa tuje kwenye kile kisa kilichotuleta hapa. Mtaa mzima ulisikia kwamba mtoto wa miaka minane ameumwa na Ridgeback karibu na kidimbwi, na ndipo orodha ikaandikwa. Mimi niliitwa nikafika mtoto bado analia, na niliyoyakuta ni haya.

Kijana mmoja, mtunza bustani wa nyumba fulani, alikuwa ametumwa kutembeza mbwa watatu. Kamba zote tatu alikuwa amezizungusha kwenye kifundo kimoja cha mkono, kwa sababu mkono wa pili ulikuwa na simu. Mwajiri wake alikuwa amempigia kumwuliza kama mtungi wa gesi umeletwa. Ridgeback alikuwa upande wa kushoto, amejinasa kwenye mguu wa benchi, amekaa tu. Katikati kulikuwa na mbwa wa kahawia, wa kimo cha kati, sikio moja limesimama na moja limelala, wale tunaowaita koko. Mtoto akapita mbio, mandazi mkononi. Yule wa kahawia alimdaka shavu la mguu.

Tulimpeleka mferejini. Sabuni ya kipande, maji yanayotiririka, dakika kumi na tano kwa saa, na dakika kumi na tano ni ndefu mno mtoto akiwa anapiga kelele. Nikamwambia anihesabie, na tulifika mia sita na kitu akachoka. Halafu nikauliza swali ambalo kwangu mimi ndilo lenye uzito kuliko yote: kadi za chanjo ziko wapi?

Mwenye mbwa alikuja kwa gari. Ya Ridgeback alikuwa nayo, imepigwa muhuri, tarehe haijapita, kwa kuwa Ridgeback alinunuliwa kwa pesa nyingi. Yule wa kahawia hakuwa na kadi kabisa. "Huyo alikuja mwenyewe tu," aliniambia, "tukamwacha alinde nyuma." Kwa hiyo mtoto akaanza sindano za kichaa cha mbwa jioni ile ile, na mama yake akazunguka na teksi sehemu mbili kabla ya kuipata dawa ya kinga inayodungwa kwenye kidonda chenyewe.

Angalieni basi karatasi yetu ingefanya nini siku ile. Ingemzuia getini mbwa aliyechanjwa, aliyekaa kimya. Ingemruhusu aliyeuma.

Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, hakuna hospitali ya kukimbilia. Duniani kinakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na wanne katika kila kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Kenya ilijiwekea mpango mwaka 2014 wa kukimaliza kwa watu ifikapo 2030, na njia yenyewe inajulikana: chanja mbwa saba katika kila kumi, kila mwaka, bila kuruka mtaa. Mnaotoka visiwani mnajua habari za Pemba. Kule walichanja shehia kwa shehia, yaani mtaa kwa mtaa, kuanzia 2010 mpaka ugonjwa ukapotea. Ukarudi 2016, wakauzima tena kwa sindano zile zile. Na mbwa wa Pemba ni koko watupu! Hakuna aliyeuliza aina.

Kamati inasema, na naheshimu hoja hii, kwamba hata Uingereza wamepiga marufuku mbwa kwa aina. Ni kweli, na mimi ndiye wa kwanza kusema tujifunze kwao, ila tusome kitabu chote, tusiishie jalada. Mwaka 1991, baada ya mbwa kushambulia watu katika miezi michache iliyofuatana na magazeti kuwaka moto, serikali yao ilipitisha sheria kwa haraka sana, waziri wa mambo ya ndani wakati huo akiwa Kenneth Baker. Aina nne zikatajwa: pit bull, Tosa wa Japani, Dogo wa Argentina na Fila wa Brazil. Shida ikaanza hapo hapo. Pit bull ni nani? Sheria ilisema anayefanana naye, basi kazi ikawa ya polisi na wataalamu kutazama kichwa, kifua, miguu, na kubishana mahakamani. Mbwa mpole aliyekuwa na kichwa kipana alishikwa, na mwenzake mkorofi mwenye kichwa chembamba akaenda zake.

Na wafugaji hawakulala. Kutokana na damu hiyo hiyo ya pit bull, Marekani wakazalisha mbwa mkubwa zaidi, XL Bully, ambaye hakuwa kwenye orodha kwa sababu orodha iliandikwa kabla yake. Akaingia Uingereza, akaua watu. Serikali ikamwongeza: kuanzia 31 Desemba 2023 ni marufuku kumuuza, kumzalisha au kumtoa nje bila kamba na kifunga mdomo, na kuanzia 1 Februari 2024, kule England na Wales, hata kummiliki ni kosa bila cheti maalumu. Anatambuliwaje? Kwa kipimo cha bega na umbo la mwili. Dume ni sentimita 51 kwenda juu, jike 48. Dume wa sentimita 50 ni mbwa wa kawaida, Mungu ambariki.

Hebu mfikirie soja wetu wa geti. Kazi yake ni kukagua mikoba na kuelekeza watu chooni. Sasa tumpe na futi ya fundi cherehani, ampime Boerboel bega. Naye Boerboel akubali kupimwa! Mnacheka, lakini karatasi hii ikipita, mtu wa kuitekeleza ni yeye, saa kumi na mbili asubuhi, peke yake, mbele ya mtu aliyeshuka kwenye gari kubwa anayemwambia "huyu si Rottweiler, ni mchanganyiko." Na atakuwa anasema kweli! Mbwa wengi wa jiji hili ni mchanganyiko. Tunawanunua kwenye foleni, kijana ameshika watoto wa mbwa wawili dirishani mwa gari, na aina yao ni ile unayoitaka wewe siku hiyo. Nimeletewa German Shepherd wengi ambao walipokua walikuwa kila kitu isipokuwa German Shepherd.

Kuna jambo jingine la Uingereza ambalo halisemwi sana, na kwangu ndilo somo lenyewe. Wale XL Bully hawakutoweka. Zaidi ya 50,000 walipewa vyeti na wako majumbani mwao hadi leo, kwa masharti: ahasiwe, awekwe chipu, awe na bima ya kumlipa atakayeumia, na akitoka nje awe na kamba na kifunga mdomo. Masharti hayo yote anayatimiza binadamu, kwa mikono yake na pesa zake. Tena katika sheria ile ile ya 1991 kipo kifungu cha tatu, kinachosema mbwa yeyote, wa aina yoyote, akiachwa bila kudhibitiwa kwa namna ya kutisha watu, mwenyewe anashtakiwa. Mwaka 2014 kikapanuliwa kikafika hata ndani ya nyua za watu. Hicho ndicho cha kuiga.

Uholanzi walipiga marufuku pit bull mwaka 1993 wakaifuta sheria hiyo 2008, kwa kuwa kuumwa hakukupungua. Calgary, kule Kanada, hawana orodha ya aina. Wana leseni kwa kila mbwa, faini nzito, na sehemu zilizotengwa za kuwaachia wakimbie. Mbwa akiuma, ni mbwa huyo huyo, kwa jina lake, anayewekewa masharti. Ireland wanayo orodha, na Ridgeback yumo, ila ndani yake kuna maneno ningependa tuyaibe: kamba isizidi mita mbili, na mshikaji awe na zaidi ya miaka 16 tena awe na uwezo wa kumdhibiti.

Nikiwa hapo kwa Ridgeback, niseme jambo la pembeni kidogo. Huyu ana damu ya kwetu Afrika. Ule mstari wa manyoya yaliyogeuka mgongoni ameurithi kwa mbwa wa Wakhoikhoi wa kusini, na sifa zake rasmi ziliandikwa Bulawayo mwaka 1922. Kumfungia nje ya bustani ya Nairobi kunanipa uchungu wa kipekee, ingawa najua hiyo si hoja.

Msinielewe vibaya. Sisemi mbwa wote ni sawa. Boerboel ana kilo sitini na zaidi. Akiuma, hatutakwenda mferejini, tutaita ambulensi. Mama wa yule mtoto amekaa mstari wa pili, na amenieleza kwamba akimwona mbwa mkubwa sasa anatetemeka hata awe amefungwa. Nguvu ni nguvu. Ndiyo maana nauliza nani ameshika kamba, maana kilo sitini zikiamua kwenda, kijana wa kilo hamsini na tano anakwenda nazo.

Pia tuangalie mbwa wetu wanalelewaje. Tembeeni mtaa huu, kila geti la tatu lina kibao MBWA KALI. (Mwalimu wangu wa Kiswahili angetaka "mbwa mkali", lakini aliyechora kibao hakusoma naye.) Mbwa huyo anashinda kibandani, mlango umefungwa, jua na mvua vyake. Anaachiwa usiku, na sifa yake ni moja, kwamba watu wanamwogopa. Akibweka kwa mgeni anapigwa kofi la begani, "kijana safi!" Kisha Jumapili anavishwa mkanda, anapelekwa katikati ya watoto, mipira na mandazi, tunashangaa kwa nini hajui adabu. Wahenga walishasema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Walimtaja msasi, aina ya mbwa wakaiacha.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kuiga tu sheria ya Uingereza au ya Ireland hakutoshi, kwa sababu maisha yao si yetu. Kule mara nyingi mwenye mbwa ndiye anayeshika kamba yeye mwenyewe. Hapa kwetu, kati ya mbwa ninaowaona bustanini siku za kazi, wengi wameshikwa na mtu asiyekuwa mwenyewe. Ni mtunza bustani, ni mlinzi wa mchana, ni binti wa nyumbani. Hakuwachagua. Hakuambiwa yupi anaogopa pikipiki na yupi haachi chakula kipite. Mara nyingine hata kuwapenda hawapendi, na nani atamlaumu, maana ndio wanaombwekea kila asubuhi akiingia kazini. Anapewa wanne kwa pamoja kwa kuwa safari moja ni nafuu kuliko mbili.

Yule kijana wa kidimbwini alifukuzwa kazi kesho yake. Gharama za sindano za mtoto zilikatwa kwenye mshahara wake wa mwisho. Mwenye mbwa ameendelea kuja bustanini, ana mtu mwingine sasa.

Ndiyo maana naomba kamati iichukue karatasi hii, iifute ile orodha, na mahali pake iandike kwanza kwamba faini na gharama ni za yule ambaye jina lake liko kwenye kadi ya mbwa, si za aliyeshika kamba. Likikaa hilo, mengine yatajipanga. Mtu akijua atalipa yeye, hatampa kijana mbwa wanne. Mimi ningesema wawili kwa mtu mmoja, na kwa wale wazito, mmoja. Kadi ya chanjo ionyeshwe getini kama tunavyoonyesha kitambulisho. Asiyekuwa nayo arudi, hata awe na mbwa wa ukubwa wa paka. Si jambo geni, maana Sheria ya Kichaa cha Mbwa, sura ya 365, iko vitabuni miaka mingi. Kamba iwe ya mita mbili, na zile za kujikunja na kujikunjua kama uzi wa tiara zibaki nyumbani. Mbwa aliyewahi kuuma au kumwangusha mtu avae kifunga mdomo, awe Boerboel, awe cha mkoba na utepe wake. Na pale nyuma ya uwanja wa zamani wa tenisi, ambapo ua bado upo, tupaache wakimbie bila kamba alfajiri, kwa sababu mbwa asiyepata kukimbia huja kulipiza mahali pengine. Msitu wa Karura, jirani zetu, wanaruhusu mbwa, ila kwa kamba, na kule kuna paa wadogo wa kuwalinda. Sisi tuna watoto.

Kuhusu kinyesi niseme kwa ufupi. Kinabeba mayai ya minyoo, na watoto wanacheza kwenye nyasi hizo. Najua mtasema mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Agosti 2017. Gazeti la jana halijapigwa marufuku. Litumieni, magazeti yenyewe hamyasomi tena.

Jumamosi hii, saa mbili asubuhi, nitakuwa getini na sanduku la barafu na sindano. Koko wa nyuma ya nyumba ndio ninaowataka kuliko wote. Na aje yule anayemtembeza, simtaki tajiri peke yake. Nitamwonyesha namna ya kushika kamba: kitanzi kwenye kiganja, bila kuizungusha kifundoni, na mkono wa pili karibu na shingo ya mbwa. Watoto nao waje, niwafundishe kusimama kama mti mbwa akiwajia, mikono kando, macho chini, bila kukimbia. Yule mtoto wetu amemaliza sindano zake na ameniahidi atakuwa mwalimu msaidizi.

Mwenyekiti, naona bado nina dakika mbili. Nichukue swali.

Aliyenyosha mkono wa kwanza alikuwa soja wa geti mwenyewe, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote na kofia yake mkononi. "Daktari," alisema, "nikimwambia tajiri arudi nyumbani kwa sababu kadi imekwisha, na yeye akaniambia atampigia bosi wangu simu, nifanye nini?"

Nikamgeukia mwenyekiti, nikampa maikrofoni.